LUGHA ISEMWAYO KWA MIKONO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika bwalo letu kuna desturi ambayo kila mwanafunzi wa shule hii aijua. Kengele ya kimya ikilia, hakuna ruhusa ya kusema mpaka kiranja amalize matangazo yake. Lakini kimya hicho ni cha midomo tu. Aliye meza ya tatu atamwonyesha mwenzake wa meza ya tano kwa vidole kwamba ataka chumvi. Mwingine atapapasa tumbo na kukunja uso, maana yake maharage ya leo yana wadudu. Na wenzetu wa Kidato cha Pili, ambao hawashindwi na jambo, wamekwisha tunga ishara ya kumtaja kila mwalimu, na hizo si vema nizieleze hapa. Muhula uliopita mmoja wao aliniambia kwa fahari ya kuwa sasa wao wanajua lugha ya viziwi.

Nilimjibu kwamba hawaijui. Alikasirika sana, nami nikaona ana haki ya kupewa sababu. Na kwa kuwa sababu zenyewe ni ndefu kuliko mapumziko ya saa nne, nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu.

Mimi nina mdogo wangu wa kiume ambaye hasikii. Alizaliwa na masikio mazima. Alipofika umri wa miaka miwili alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Homa ikamwacha, lakini ikaondoka na usikivu wake. Pale nyumbani wazee walimwita bubu, nasi watoto tukafuata. Siku hizi silitumii neno hilo, wala si kwa ajili ya adabu tu. Mdogo wangu ana sauti, na akicheka jirani wa nyumba ya tatu hujua. Yeye ni kiziwi. (Na hapa nawakumbusha wenzangu wa somo la Kiswahili ya kuwa, ingawa neno hili lina umbo la ki-vi, husemwa "kiziwi amekuja", wala si "kimekuja".)

Kwa miaka saba tulisema naye kwa ishara tulizojitungia wenyewe. Kushika kidevu ni baba, kwa sababu ya ndevu zake. Kuzungusha mkono kichwani ni mama, kwa ajili ya kitambaa chake. Mimi nilikuwa kidole kimoja juu ya nyusi, mahali penye kovu nililolipata kwa kuanguka mwembeni. Babu alikuwa ngumi inayogongagonga hewani, yaani mkongojo wake. Kulikuwa na chakula, maji, kulala, kuoga, twende, acha, nyoka, ng'ombe. Labda ishara sitini kwa jumla, nasi tukajiona mafundi. Karibu kila nyumba yenye mtoto mmoja kiziwi hutunga ishara za namna hii.

Upungufu wake tuliujua alipofariki babu. Mdogo wangu alikuwa na miaka minane. Aliona watu wengi wamekuja, aliona sanduku limefungwa na kuchukuliwa, akala wali pamoja na wageni. Kesho yake asubuhi alichukua kikombe cha chai ya babu akakipeleka barazani kama ilivyokuwa kazi yake ya kila siku, akakiweka karibu na kiti. Kisha akanijia, akagonga ngumi hewani, akafungua viganja vyote viwili. Babu, wapi? Mimi sikuwa na ishara ya kufa. Nilikuwa na ishara ya kulala, basi nikaitumia hiyo. Kwa siku nyingi aliendelea kupeleka chai barazani, akimngoja aliyelala aamke.

Sasa natumaini msomaji aona tofauti ninayotaka kuieleza. Ishara za bwalo, ishara za polisi wa barabarani, za mwamuzi wa mpira, za kondakta wa daladala aonyeshaye vidole kuwa zimebaki nafasi mbili, hata zile sitini za nyumbani kwetu, zote zafaa kwa kazi zake. Kila moja imefungwa kwenye jambo lake. Lakini jaribuni kusema kwa hizo: "Kama mvua isingalinyesha jana, baba angalikuja." Jaribuni meza ya tatu, nami nitakaa meza ya tano nione kama nitaelewa. Lugha ya alama yaweza kusema hayo bila taabu, na yaweza kueleza hesabu za aljebra, hukumu ya mahakama, masengenyo, mzaha, uongo na ushairi. Sisi Watanzania twaiita Lugha ya Alama. Jirani zetu wa Kenya huiita Lugha ya Ishara. Mimi nitashika jina la kwetu, na neno "ishara" nitaliachia bwalo.

Yawezekanaje mikono kusema yote hayo? Neno la mdomo hujengwa kwa sauti. "Pata" na "bata" hutofautiana kwa sauti moja tu, na mtu aliyepata si bata. Alama nayo hujengwa kwa vipande vidogo ambavyo kimoja kimoja havina maana: umbo la mkono, kama vile ngumi au kiganja wazi au kidole kimoja, mahali mkono unapowekwa, iwe kwenye kipaji, kidevuni au kifuani, mwendo wa mkono, upande kiganja kinakoelekea, na hali ya uso. Badili kimoja tu, nawe waweza kuwa umesema neno jingine kabisa.

Juu ya uso yafaa niongeze. Watu wengi wakimtazama kiziwi anayesema hudhani ya kuwa nyusi zake zapanda na kushuka kwa sababu ya juhudi, kama mtu anayenyanyua gunia. Sivyo. Uso ni sehemu ya sarufi. Katika lugha nyingi za alama, nyusi zikiinuliwa sentensi hugeuka swali la kujibiwa ndiyo au siyo, ingawa mikono haikubadili kitu. Sisi twafanya vivyo hivyo kwa sauti. "Amekuja" na "Amekuja?" ni neno lile lile, ila sauti ya mwisho imepanda.

Lakini lililonipendeza kuliko yote ni hili, na walimu wa Kiswahili nadhani watafurahi nalo. Katika lugha yetu neno moja "nakupa" limebeba mtoaji, mpokeaji na tendo. Geuza viambishi, nalo huwa "unanipa". Mwingereza hana budi kutumia maneno matatu. Lugha ya alama hufanya kama sisi, kwa njia yake. Alama ya kupa ikitoka kifuani kwangu kuja kwako, nimekupa. Ikitoka kwako kuja kwangu, umenipa. Na kama wahusika hawapo? Msemaji huwapa mahali hewani. Aelekeza upande wake wa kuume kwamba hapo ndipo alipo mwalimu, na kushoto ndipo alipo mzazi. Tangu hapo mkono ukitoka kuume kwenda kushoto, mwalimu amempa mzazi, na hakuna haja ya kuwataja tena. Nimewahi kumwona msichana mmoja kiziwi akisimulia ugomvi wa watu wanne sokoni, na hao wanne wote wamesimama hewani mbele yake, kila mmoja mahali pake, na hata mara moja hakuwachanganya.

Zaidi ya hayo kuna mambo yanayofanana sana na ngeli. Katika lugha nyingi za alama kuna umbo moja la mkono kwa mtu aliyesimama, jingine kwa gari, mengine kwa vitu bapa au vya mviringo. Msemaji akisha taja gari, mkono wake huwa ndio gari: wapanda kilima, wakata kona, wateleza kwenye matope, wagonga mti. Wageni wanaojifunza Kiswahili hulia kwa sababu ya ngeli zetu. Wanaojifunza lugha ya alama nao wana zao za kuwaliza.

Basi mtu asidhani ya kuwa lugha ya alama ni Kiswahili kilichohamishwa kutoka mdomoni kwenda mikononi. Ina mpango wake. Wakati hutajwa mwanzoni mara nyingi, na mambo yaliyopita huonyeshwa nyuma ya bega, yajayo mbele. Neno la kuuliza, katika Lugha ya Ishara ya Kenya, aghalabu huja mwishoni, na hapo Mswahili hatapata shida kwa kuwa naye husema "Waenda wapi?" Iko pia alfabeti ya vidole, herufi moja moja, ambayo hutumika kwa majina ya watu na miji na maneno mageni. Wengi hujifunza hiyo kwa siku mbili wakadhani wamemaliza kazi. Ni kama mtu aliyejua kusoma A, B, C, D akasema amejua Kijerumani.

Kosa la pili ambalo watu hulifanya ni kudhani viziwi wote wa dunia wana lugha moja. Umoja wa Mataifa wasema lugha za alama duniani ni zaidi ya 300. Tuchukue mti. Mmarekani kiziwi husimamisha mkono wake kuanzia kiwiko, akatandaza vidole na kuvitikisa kama matawi. Mdeni huchora kwa mikono miwili umbo la majani ya juu, kisha akashuka na shina. Mchina huzungushia mikono kama ashikaye shina, akaipandisha juu. Wote watatu wametazama mti, na kila mmoja amechukua sehemu yake. Ukishaambiwa waona sababu. Kabla hujaambiwa usingaliweza kukisia.

Tena mipaka ya lugha hizi haifuati mipaka ya lugha za mdomo. Waingereza na Wamarekani husema Kiingereza kimoja, lakini viziwi wao hawaelewani: Mwingereza huandika herufi kwa mikono miwili, Mmarekani kwa mkono mmoja. Lugha ya alama ya Marekani ina undugu na ile ya Ufaransa. Sababu yake ni safari. Katika karne ya 18 padre mmoja wa Paris, Charles-Michel de l'Épée, alifungua shule ya watoto viziwi, akijifunza kwanza alama walizokuwa nazo viziwi wa mji ule. Mmoja wa walimu waliotoka katika shule hiyo baadaye, Laurent Clerc, mwenyewe kiziwi, alivuka bahari mwaka 1816 pamoja na Mmarekani Thomas Hopkins Gallaudet, na mwaka 1817 wakafungua shule katika mji wa Hartford. Alama za Paris zikachanganyika na alama walizokuja nazo watoto wa huko, na lugha mpya ikazaliwa.

Neno "kuzaliwa" silitumii ovyo. Katika nchi ya Nicaragua, Amerika ya Kati, lugha ya alama ilizaliwa mbele ya macho ya watu. Kabla ya miaka ya 1970 watoto viziwi wa huko walikaa kila mmoja kwao, na ishara zake za nyumbani, kama mdogo wangu. Mwaka 1977 shule ilifunguliwa katika mji mkuu, Managua, na nyingine ya ufundi ikafuata mwaka 1980. Watoto wakakusanyika kwa mamia. Walimu walijaribu kuwafundisha kusoma midomo kwa Kihispania, na kazi hiyo haikuwa na mafanikio makubwa. Lakini uwanjani na ndani ya basi la shule watoto walikuwa na kazi nyingine. Walibadilishana ishara zao, wakazilinganisha, wakaziunganisha. Walimu hawakuelewa kinachosemwa, na mwaka 1986 Wizara ya Elimu ikamwita mtaalamu wa lugha kutoka Marekani, Judy Kegl, aje atazame. Aliona ya kuwa watoto wadogo, waliokuja baadaye na kuikuta lugha imeanzishwa, waliisema kwa ufasaha na sarufi nyingi kuliko wale wakubwa walioianzisha. Hakuna mwalimu aliyewafundisha sarufi hiyo. Nani asemaye kwamba hakuna kinachojifunzwa wakati wa mapumziko?

Sasa nafikia habari isiyopendeza. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana Milan, katika Italia. Wajumbe walikuwa zaidi ya 160, na karibu wote walikuwa watu wasikiao. Waliamua ya kuwa mtoto kiziwi afundishwe kwa kusema kwa mdomo na kutazama midomo, na kwamba alama zaharibu masomo hayo. Wajumbe wa Marekani walipinga, lakini walishindwa kwa kura. Tangu hapo, katika nchi nyingi, walimu viziwi walipoteza kazi zao, na watoto walichapwa mikono au kuamriwa kuikalia ili wasiitumie. Hata shule za mwanzo za Afrika Mashariki nyingi zilifuata njia ya midomo. Mwaka 2010 mkutano wa namna ile ile, uliofanyika Vancouver, Kanada, ulitamka masikitiko yake kwa uamuzi huo. Ilikuwa imepita miaka 130.

Simkatazi mtu yeyote kujifunza kusoma midomo. Wako waliofaidika nayo, hasa waliopoteza kusikia baada ya kujua kusema. Lakini yeyote anayedhani ni jambo jepesi na asimame mbele ya kioo aseme bila sauti: baba, mama, papa. Midomo hufanya jambo lile lile mara tatu. Mtoto aliyepata kusikia maneno hayo huenda akakisia kwa maana ya sentensi. Mtoto asiyepata kuyasikia atakisia kwa kitu gani? Nilimfanyia mama jaribio hili jikoni. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu miaka yote hiyo, nikimwita mama au baba, kwake ni mamoja." Sikuwa na jibu la kumpa.

Aliyeanza kuwatoa wataalamu katika kosa hilo alikuwa mwalimu wa Kiingereza, William Stokoe, aliyefundisha katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington. Mwenyewe alikuwa mtu anayesikia. Alipowatazama wanafunzi wake wakizungumza aliona mpango ambao wengine hawakuuona, na mwaka 1960 akachapisha kitabu kidogo kinachoonyesha vile vipande vya alama nilivyovitaja. Wenzake wengi hawakumsadiki. Mwaka 1965 alitoa kamusi, akisaidiwa na wenzake wawili viziwi, Dorothy Casterline na Carl Croneberg. Tangu hapo ushahidi umeongezeka. Watafiti wa Kanada walieleza mwaka 1991 ya kuwa watoto wachanga viziwi, ambao wazazi wao husema kwa alama, hubwabwaja kwa vidole kama watoto wengine wabwabwajavyo kwa midomo. Na kiziwi akipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, pale penye lugha kwa watu walio wengi, aweza kupoteza alama zake ingawa mikono yake ina nguvu ya kushika kikombe. Mwalimu wetu wa Baiolojia alipotueleza ubongo mwaka jana nilitaka kusimama niseme hili, lakini kengele ikalia.

Katika Afrika jina lisilosahaulika ni la Andrew Foster. Alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Alabama, aliyepoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa homa ile ile ya uti wa mgongo. Mwaka 1954 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada katika Gallaudet. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi Accra, Ghana, na hakuacha mpaka alipokwisha anzisha shule zaidi ya 30 katika nchi nyingi za bara hili. Alifariki mwaka 1987 ndege ilipoanguka Rwanda. Kwa kuwa alifundisha kwa alama za Kimarekani, alama hizo zaonekana hadi leo katika nchi nyingi za Afrika ya Magharibi na ya Kati, Kongo ikiwamo, zikiwa zimechanganyika na za wenyeji.

Kwetu Tanzania shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Kila shule ilikuwa na alama zake, na ndiyo sababu mpaka leo watu wa shule mbalimbali waweza kutofautiana kwa neno moja, kama sisi tunavyosema Kiswahili kila mtu kwa lafudhi ya kwao. Uganda iliitaja lugha ya alama katika Katiba yake ya mwaka 1995, kabla ya nchi nyingi kubwa, na mwaka 1996 kiziwi, Alex Ndeezi, aliingia katika Bunge lao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mbunge wa huko aweza kutoa hoja bila kufungua kinywa, na mkalimani ataisema kwa sauti kwa wale wasiojua.

Ukikutana na kiziwi, usimpigie kelele. Utakunja uso tu, naye atadhani umekasirika. Mguse bega taratibu, au punga mkono mahali atakapouona. Simama penye mwanga, usiupe mgongo dirisha. Kama mkalimani yupo, mtazame kiziwi mwenyewe, kwa maana ndiye unayesema naye. Na kama hujui alama hata moja, chukua kalamu na karatasi, lakini kumbuka ya kuwa kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili waliyoipata darasani, basi usicheke makosa yao. Tukumbuke jinsi tunavyoandika Kiingereza chetu.

Mdogo wangu alipotimiza miaka tisa alipelekwa shule ya bweni ya viziwi, mbali na kwetu. Alirudi likizo ya Desemba, na mikono yake haikutulia. Alisema na baba, akasema na mama, akasema na bibi, maneno marefu yenye mwanzo na mwisho, nasi tukamtazama tukicheka kwa aibu kama wageni katika nchi ya watu. Usiku ule alikula kimya. Kesho yake alinishika mkono, akaniketisha barazani, akaanza kunifundisha. Alama kumi kwa siku. Nikikosea umbo alinikunja vidole yeye mwenyewe, tena bila huruma.

Ilikuwa likizo ya pili ndipo nilipoweza kufuata habari ndefu, na habari ya kwanza aliyonipa ilikuwa ya babu. Alisema niliposema amelala, alisadiki. Aliona babu amelala, akafungwa ndani ya sanduku, akachukuliwa. Basi yeye akaogopa kulala. Hapo nilikumbuka ya kuwa mwaka ule wote alikuwa akikataa kwenda kitandani, akipiga kelele na kushika mlango, nasi tukaita utundu. Na alichapwa kwa ajili hiyo, mara nyingine na mimi.

Nilimpa alama ya kufa, ambayo nilikuwa nimeuliza kwa mtu. Akatikisa kichwa kuonyesha ya kuwa aijua; wavulana wakubwa wa bwenini kwake walikwisha mweleza yote, usiku mmoja, kwa mwanga wa tochi. Alichotaka kwangu ni kitu kingine. Babu alikuwa akisema naye kila asubuhi akipokea chai, midomo yake ikitembea, na yeye hakujua hata siku moja alichokuwa akisema. Mimi nilikuwapo na masikio yangu. Alisema nini?

Nikaanza kumweleza. Mara mbili alinisimamisha akanisahihisha mkono, kisha akaniacha niendelee.